Kiti cha Mke wa Nahodha

Siku wanaume walipoburuta mashua kwenda ukingoni mwa barafu, mama mkwe alinivutia kiti karibu na dirisha akaniambia nikae. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mke wa nahodha, na mke wa nahodha wa mashua ya kuwinda nyangumi, mumewe akiwa barafuni, hukaa. Hashiki kisu, hashiki sindano, hakimbii wala hapayuki, kwa sababu anavyotulia yeye ndivyo nyangumi anavyotulia, na nyangumi aliyetulia ndiye anayekubali kuja kwenye mashua. Mwanamke akihangaika nyumbani, nyangumi naye huhangaika huko majini, akapiga mkia akaenda zake kwa nahodha mwingine.

Sasa mimi Flossie ni mtu wa kukaa? Nikimwita mbwa wetu, mbwa wa nyumba zote huja. Hata kanisani wananiomba nisiimbe sana.

"Unatikisa mguu," mama mkwe akasema.

"Sitikisi, mama."

"Unatikisa. Hapo ulipo unamvurugia mtu maji huko."

Mama mkwe, Dorcas kwa jina, alikikalia kiti kile miaka yote mumewe alipokuwa nahodha, na nyangumi walikuja. Wanasema alijua kukaa hata wageni wakimsahau wakamwekea makoti yao mapajani. Baba mkwe alipofariki, mashua ikamwangukia mume wangu Ezra, na kiti kikaniangukia mimi. Tangu hapo hatujapata kitu. Wanaume wa mashua yetu walianza kunong'ona. Tulugaq, mpiga kasia wetu mwenye nguvu kuliko wote, hakunong'ona. Alisema wazi mlangoni mwa kanisa kwamba msimu huu tukikosa tena, anahamia mashua ya jirani zetu, akina Mabel. Akihama yeye, wengine wangemfuata, na mashua ya baba mkwe ingebaki imepinduliwa juu ya kiunzi chake mpaka ngozi zilizoiwamba zioze. Kwa hiyo nilikaa. Nilikuwa tayari kukaa mpaka niote mizizi.

Barafu haikutusaidia. Mwaka ule bahari iliganda Krismasi ikiwa imeshapita, na ilipoganda ilikuwa nyembamba, nyeusi, ya kutilia shaka. Nilipoolewa, wanaume walikwenda mbali juu ya barafu, wakapiga mahema, wakamvuta nyangumi mzima juu yake na kumkata huku watoto wakicheza mpira kando. Siku hizi wanalala na viatu miguuni, mmoja akikesha kuisikiliza. Ezra aliniaga kwa kunibana mkono tu. Hakusema atarudi lini, nami sikumuuliza.

Lakini jambo moja nilikuwa na hakika nalo, nalo ni ghala. Kila nahodha ana ghala lake, shimo refu lililochimbwa katika ardhi iliyoganda, unashuka kwa ngazi. Kabla ya msimu unatoa nyama yote ya zamani, unaigawa, unakwangua sakafu na kuta, unatandika theluji mpya. Nyangumi akipita chini ya barafu huyaona maghala yote ya kijiji, na huchagua lililo safi. Nani anakubali kulazwa mahali pachafu? Ghala letu nililikwangua mwenyewe mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nyama tuliyogawiwa na mashua nyingine nayo niliifunga vizuri kwenye magunia, ya kulisha watu wa mashua.

Kisha mvua ikanyesha. Mwezi wa tano, theluji bado imejaa vibarazani, mvua! Ilinyesha mchana kutwa, ya uvuguvugu, watu wakatoka milangoni kuitazama wasijue waseme nini. Ilikatika asubuhi ya pili, na baadaye mama mkwe alivaa koti lake akaenda ghalani kuchukua bata wa supu. Alirudi mikono mitupu. Akaketi mbali nami, akavuta miguu chini ya benchi.

"Bata wako wapi, mama?"

"Nimeghairi. Tule biskuti."

"Mbona viatu vyako vinatoa maji?"

"Mvua."

"Mvua imekatika tangu asubuhi. Na hiyo inatokea kwa ndani, tazama, inabubujika."

"Kaa kimya wewe, mke wa nahodha."

"Yamefika wapi?"

"Nimesema kaa."

"Mama! Maji yamefika wapi?"

Akashusha pumzi. "Nimeshuka ngazi, nikadhani nimefika chini, kumbe sijafika. Haya, umefurahi?"

Nilitaka kuruka. Mikono yangu ilikuwa imeshashika kingo za kiti. Yeye akasimama mbele yangu, mfupi kama alivyo, akanizuia kwa tumbo.

"Ukitoka hapo mbio, nyangumi anakimbia," akasema.

"Na nikikaa hapa, nyangumi akaangalia ghala, ataona nini? Kidimbwi. Atakuja kulala kidimbwini?"

"Hawezi."

"Basi nifanye lipi?"

Mama mkwe ana jibu la kila kitu. Ana jibu la jino bovu, jibu la mbwa mkorofi, jibu la mume mvivu. Safari hii alitazama kiti, akatazama mlango. Mafunzo yake mawili yalikuwa yamegongana, na yote mawili alikuwa amenifundisha yeye. Nikamwonea huruma, na papo hapo nikakasirika. Si naye, na ile mvua.

"Nitakwenda polepole," nikasema.

Akafikiri. "Polepole kama nani?"

"Kama wewe."

"Mshenzi wewe," akasema, lakini alisogea. "Pampu hapana, inanguruma. Ndoo tu. Na usitukane humo ndani, nakujua."

Nilikwenda hatua kwa hatua. Nilishuka ngazi nikasimama kwenye maji meusi yaliyonifika magotini. Kuta ambazo tangu enzi za babu yake Ezra zilimeta kwa chembe za barafu zilikuwa zinatoa jasho. Theluji yangu niliyoitandika haikuwapo tena. Magunia ya nyama yalielea. Nilijaza ndoo, nikapanda, nikamwaga, nikashuka, kila kitu taratibu. Nilipokuwa nimechoka kabisa nikatazama alama niliyokwaruza ukutani. Maji yalikuwa pale pale. Niliketi kwenye ngazi nikalia kwa hasira, bila sauti, kama nilivyoagizwa.

Nyama haikuweza kubaki mle. Mahali pa karibu palikuwa kwa Mabel, ng'ambo ya njia. Mabel naye ni mke wa nahodha, naye alikuwa kitini dirishani kwake. Ni mwanamke wa kujisifu. Mwaka uliotangulia alituambia wote kwamba ghala lao ni baridi hata ukilia machozi yanadondoka vipande.

"Dada Mabel," nikamwambia, "niwekee magunia yangu kwako, siku chache tu."

"Ningependa, Flossie. Limejaa."

"Limejaa nini? Mmegawa nyama yote juzi. Mkia wa nyangumi wenu nimeula mimi."

"Limejaa tu, shoga."

Hakunitazama. Nikaangalia chini nisije nikamtusi, na hapo nikaona viatu vyake virefu karibu na jiko. Vilikuwa vimeshindiliwa magazeti mpaka juu, vinakaushwa. Yeye akaona nimeona. Ghala chafu ni aibu ambayo mke wa nahodha hamwambii hata mama yake, kwa sababu likijulikana hakuna mwanamume atakayepanda mashua yenu. Nikamuaga, nikarudi kwetu polepole, na njiani nikatazama madirisha ya wake wengine wa manahodha. Kila mmoja alikuwa kitini pake, ametulia, uso umekauka. Nikajiuliza ni viatu vingapi vilivyokuwa vinakaushwa katika kijiji kile.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye redio. Kila nyumba ina redio, na zote ziko kwenye njia moja, na wanaume barafuni nao wanaisikiliza hiyo hiyo. Mama mkwe akaniuliza nataka nini. Nikamwambia.

"Ezra atasikia," akasema.

"Najua."

"Tulugaq yuko naye. Atasikia."

"Najua, mama."

"Mashua ya mume wangu, Flossie."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa naiweka mashua ile mdomoni mwangu, mdomo ambao haujawahi kusifiwa. Lakini ghala lilikuwa linajaa maji, na kuficha hakukuwa kunapunguza hata ndoo moja. Nikabonyeza kitufe.

"Mimi Flossie, mke wa Ezra. Ghala letu limeingia maji. Nimeyateka, yanarudi. Sina pa kuweka nyama, na nyangumi akija leo sina pa kumlaza. Nimemaliza."

Redio ikakoroma, ikanyamaza. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia, na hakuna aliyekohoa. Mama mkwe alifumba macho. Nilimfikiria Ezra ukingoni mwa barafu, redio ndogo kifuani, wanaume wake wakimtazama. Nikaanza kujuta.

Halafu sauti ya Mabel ikatoka, nyembamba, si ile ya kujisifu. "Letu pia. Tangu kiangazi kilichopita."

Akaja mwingine: "Na la kwetu." Na mwingine: "Letu limeporomoka ukuta, sijamwambia hata mume wangu. Sasa amesikia. Pole, baba." Mtu akacheka redioni huku analia, nadhani alikuwa Mabel. Mama mkwe akaninyang'anya kinasa sauti.

"Nyamazeni, wasichana," akasema, na wengine kati ya hao wasichana wana wajukuu. "Lipo ghala la mume wangu la kilimani. Tuliliacha kwa sababu ni mbali na ni refu kushuka. Leo asubuhi sijaliona, lakini mwaka jana lilinigandisha kope. Tulisafishe hilo moja, la wote. Njooni. Na mje polepole, nyangumi wanasikiliza."

Sijapata kuona kitu kama kile. Wake wote wa manahodha walitoka, wamevaa makoti yao ya sikukuu kwa vile hakuna aliyejua nguo gani inafaa kwa jambo lisilokuwa na desturi, wakaburuta magunia juu ya theluji iliyolowa, hatua moja, pumziko, hatua moja. Mbwa walitutazama na kutia shaka. Ghala la kilimani lilikuwa kavu, na kuta zake zilimeta. Tulilikwangua kimyakimya, tukapokezana ngazini, tukatandika theluji safi tuliyoitoa kivulini mwa kilima. Mabel alishika ndoo upande mmoja, mimi upande wa pili. Hatukuzungumzia viatu.

Tulikuwa hatujamaliza upepo ulipogeuka ukavuma kutoka magharibi. Redio kiunoni mwa mmoja wetu ikapiga kelele: "Inakatika! Ondokeni! Mashua kwanza!" Tukasimama juu ya kilima tukaona ufa mweusi unakimbia barafuni, na wanaume wadogo kwa umbali wanasukuma mashua zao kuja nchi kavu. Walifika wote. Mahema na majiko yalikwenda na barafu. Kesho yake upepo ukageuka tena, ukaichukua iliyobaki. Mwezi wa tano, na mawimbi yalikuwa yanapiga kokoto mbele ya nyumba zetu, mapande ya barafu yakielea huku na huko. Wazee hawakutoka nje kuangalia.

Wanaume walisimama pwani mikono mifukoni. Manahodha wawili walikuwa wamekwisha kuzipandisha mashua zao kwenye viunzi. Barafu ikiisha, msimu umeisha. Mahali pa kusimama hakuna, mahali pa kumvuta nyangumi hakuna. Tulugaq alilitupa kasia lake miguuni pa Ezra.

"Mkeo ametangaza aibu yetu redioni," akasema. "Nyangumi wamesikia. Na barafu imesikia, ikaona haya, ikaondoka."

"Barafu imeondoka kwa mdomo wangu?" nikamuuliza. "Ningekuwa na mdomo wa namna hiyo, Tulugaq, wewe ungekuwa umeondoka siku nyingi."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akageuka akaenda. Ezra aliliangalia kasia kwa muda mrefu. Yeye si mtu wa maneno. Hasira yake unaiona kwenye taya. Na hapo, nje kabisa, katikati ya mapande ya barafu, tukaiona pumzi ya nyangumi. Ikapanda nyeupe, ikatawanyika. Ikafuata nyingine. Walikuwa wanapita, kama kila mwaka, hawakuwa wamemngoja mtu.

"Ghala safi lipo," nikasema. "Nyangumi wale pale. Kimepungua nini?"

"Barafu," Ezra akasema.

"Barafu haiji leo, Ezra. Pwani ipo. Mtamvuta kwenye kokoto, na kamba tutashika sote."

"Hatujawahi kushusha mashua ya ngozi kwenye maji ya namna hii mwezi wa tano. Pande moja likitugonga, tumekwisha."

"Basi usilipige pande. Wewe ndiye nahodha."

Akanitazama, na taya ikalegea kidogo. "Nina nafasi tupu ya kasia."

Nikaliokota lile la miguuni pake. Wanaume wa mashua wakatazamana. Hakuna aliyesema mwanamke hapandi. Wapo waliopanda, na mimi nimepiga makasia tangu nikiwa msichana. Walichokuwa wanakitazama ni kitu kingine, na Ezra ndiye aliyekisema.

"Na kiti? Nani atakaa?"

Sote tukamgeukia mama mkwe. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono ndani ya mikono ya koti, baridi imemtoa machozi.

"Kiti kiko pale pale," akasema. "Kinataka makalio. Hakijawahi kuuliza ya nani."

"Kinamtaka mke wa nahodha, mama," Ezra akasema taratibu.

"Na mimi nilikuwa nani? Nilikuwa mke wa nahodha wewe hujajua kupenga kamasi." Kisha akanigeukia mimi, akanirekebishia kofia ya koti kama mtoto. "Mashua ikifika kwa nyangumi, usipayuke. Nakuomba, Flossie." Akaenda zake nyumbani, hakugeuka nyuma.

Tukashuka majini. Sitasema sikuogopa, niliogopa mpaka meno yakauma. Ngozi ya mashua ni nyembamba, unasikia maji yanapita chini ya mguu wako, na mapande yalikuwa yanasagana pande zote. Ezra alisimama mbele na chusa, ule mkuki wa nyangumi, akituongoza kwa kidole tu. Tukapita kati ya mapande, tukasimama, tukapita tena. Mikono ikanifa ganzi, nikaendelea kupiga. Kisha akainua kiganja, tukaacha makasia.

Nyangumi aliibuka kando yetu. Nilimwona kichwa, baka jeupe la kidevu chake, na jicho. Nilikaa. Sijawahi kukaa hivyo maishani mwangu; hata pumzi niliisahau. Hakupiga mkia. Alilala pale kana kwamba ametoka mbali kuja kupumzika, na Ezra akakitupa chusa.

Alipokufa na maji yakatulia, Ezra alivua kofia akaomba kwa sauti redioni, kumshukuru Mungu na kumshukuru nyangumi aliyetupatia mwili wake. Sauti ilimkatika katikati, nikaimalizia sala hiyo mimi. Mashua zilizokuwa zimepandishwa viunzini zilishushwa zote. Mume wa Mabel ndiye aliyekuwa wa kwanza kutufikia na kamba. Tulimkokota nyangumi mpaka mabega yakawa si yetu, na tulipokaribia pwani nikamwona Tulugaq ameingia majini hadi mapajani, mikono ameinyoosha, anaita arushiwe kamba. Ezra akamrushia. Kijiji kizima kikavuta kwenye kokoto, wanafunzi, mchungaji, walimu, na hapo nilipiga kelele, zikafunguka zote zilizokuwa zimebanwa tangu siku ile ya kiti. Mabel akapiga na za kwake. Wanawake walikuwa tayari wanakaanga maandazi.

Visu vilikuwa vimeshaanza kukata ndipo nikauliza, "Mama yuko wapi?"

Nikauliza upande huu, nikauliza upande ule. Kila mtu alidhani mwingine amekwenda kumwambia.

Nilimkuta kitini. Koti alikuwa hajalivua. Redio ilikuwa imezimwa, aliizima mwenyewe isimshtue. Macho yake yalikuwa ukutani, si dirishani, na mikono imelala mapajani.

"Nimesikia kelele," akasema bila kugeuza kichwa. "Za watu wengi. Nilishindwa kujua ni za furaha au za msiba, nikasema siinuki mpaka niambiwe."

Tangu tulipoanza kuvuta kamba, alikuwa amekaa na hilo.

"Ezra?" akauliza.

"Mzima, mama. Wote wazima."

Hapo akageuza kichwa. "Na yeye?"

"Amekuja. Yuko pwani, wanamkata. Inuka."

Akaweka mikono kwenye kingo za kiti, akajaribu, akajaribu tena. Miguu ilikataa. Akaanza kunikasirikia mimi, akasema nisisimame kama mti. Nikageuka, nikachuchumaa mbele ya kiti, akanishika shingo, nikambeba mgongoni kwenda kumwona.